Kuvunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2^32 ukiongeza 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliamini kuwa ni namba tasa, kwa kuwa wadogo zake 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2^1, 2^2, 2^4, 2^8 na 2^16, kila moja ukiiongeza 1) zote ni tasa. Mwanahisabati Leonhard Euler akaja kuivunja, yaani kuitenganisha katika vigawo vyake, mwaka 1732. Programu ya kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua, lakini wanafunzi wangu huwa nawataka waifanye kwa mkono angalau mara moja. Utamu wake uko kwenye njia.

Hatua ya 1: majaribio mepesi
Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haimo. Usiendelee hivyo! Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo tu, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542 za kujaribu.

Hatua ya 2: punguza watuhumiwa
Hapa tulia, ndipo penye kazi. Tuseme namba tasa p inaigawanya namba yetu. Basi ukigawanya 2^32 kwa p, baki ni sawa na −1, na 2^64 inabakiza 1. Maana yake mabaki ya vipeo vya 2 yanajirudia kila baada ya 64, si mapema zaidi. Kanuni ya Fermat mwenyewe inasema mzunguko huo lazima uigawanye p − 1. Basi p ni kigawe cha 64 ukiongeza 1.

Orodhesha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641.

Hatua ya 3: tafuta baki kwa kuzidisha baki kwa lenyewe
Huhitaji kugawanya namba ndefu. Kwa 641:
2^8 = 256
2^16: 256 × 256 = 65,536; toa 641 × 102, linabaki 154
2^32: 154 × 154 = 23,716, ambayo ni 641 × 37 kasoro 1

Ile 1 tunayoongeza inaziba pengo hilo. Imegawanyika! Zile nne za mwanzo zifanyie vivyo hivyo. Ukishaongeza ile 1, 193 itakupa baki 109, na 257 baki 2.

Hatua ya 4: kagua kilichobaki
4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417. Je, hii nayo ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na vigawo vyake tasa vinafuata sharti lile lile la 64. Jaribu 641 tena, kisha 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Zote zinaacha baki, kwa hiyo ni tasa, na namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.