Siku mgongo unapotulia ndiyo siku ya kujizuia

Mie ni mkulima wa mwani, Kiuyu, kaskazini mashariki ya Pemba, na mgongo wangu unauma tangu mwaka 2016. Asubuhi unakuwa umekaza kama kamba iliyokaukia juani, mchana unalegea kidogo, usiku maumivu yanashuka paja la kushoto mpaka kwenye kigimbi. Ulianza kwa gunia. Nilikuwa nalitoa majini peke yangu, mwani mbichi umejaa hadi mdomoni, nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Nikajua ni ya wiki mbili. Ukapita mwezi, ukapita mwaka.

Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliye kwenye ule mwaka wa mwanzo, anayezunguka na bahasha ya picha za eksirei akitafuta mtu wa kumwambia atapona lini. Hilo siwezi kumwambia. Naweza kumwambia navyoamka, navyopika, navyoshuka pwani na navyolala.

Kwanza hakikisha umepimwa. Ukiona mguu unapoteza nguvu, au ganzi imeingia sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mkojo na choo vimekuwa havizuiliki au haviji kabisa, usisome zaidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu, wahi ukapimwe, maana kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo. Vivyo hivyo ikiwa ulianza kuuma baada ya kuanguka mkarafuu. Haya ninayoyaeleza ni ya mtu ambaye keshapimwa, hatari haikuonekana, na maumivu yamebaki.

Maumivu yakipita miezi 3 madaktari huyaita sugu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa mfano ambao mpaka leo ndio unaonishika mkono. Alisema, chukua mlinzi wa shamba la karafuu aliyeibiwa usiku mmoja. Tokea siku ile, jani likianguka anapiga kelele, paka akipita anapiga kelele. Mwizi keshaondoka zamani, lakini mlinzi halali. Mishipa yangu ya fahamu ndiyo mlinzi yule. Kelele ni za kweli, maumivu ni ya kweli, wala sijitii. Ila kila kelele si jeraha jipya. Siku niliyolifahamu hilo ndiyo niliyoacha kuogopa kuinama.

Kilichonitesa zaidi ya gunia ni siku njema. Mwaka 2018, siku mbili kabla ya Sikukuu, niliamka mwepesi. Nikafua mapazia yote, nikasugua ukumbi, nikakaanga visheti, nikapanda kiti kufuta buibui. Nilikuwa na furaha, naimba. Usiku ule sikuweza kugeuka kitandani. Siku ya Sikukuu yenyewe watoto wa jirani waliokuja kuchukua sikukuu yao niliwapa hela nimelala ubavu, na kilichoniuma siku ile hakikuwa mgongo peke yake. Nilikaa ndani siku 6. Nilipopata nafuu nikafanya vile vile tena, kwa sababu kazi zilikuwa zimerundikana.

Sisi wa pwani tunalijua hili kwa bahari. Siku za bamvu maji yakitoka mbali, asiyeijua pwani hukimbilia mwambani kuokota chaza, na maji yakigeuka yanamkuta huko huko. Siku njema ni maji yaliyotoka mbali. Usiende mpaka mwisho wa mchanga kwa kuwa mchanga umeonekana.

Basi fanya hivi. Chagua kazi moja inayokuumiza, kwangu ilikuwa kuinama kufunga mwani. Kwa siku 3 angalia saa: unafanya dakika ngapi mpaka maumivu yaanze kupanda? Sisemi mpaka ushindwe, nasema mpaka yaanze kupanda. Zangu zilikuja 25, 18 na 23. Wastani wake ni 22. Kisha punguza, mie nikaanza na 15. Nikitega simu, ikilia nainuka, hata kama kimebaki kipande kimoja cha mwani mkononi, hata kama sisikii maumivu yoyote. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu kuacha kazi huku unajiona mzima kunafanana na uvivu. Narefusha mgongo, natembea, nakaa, halafu narudi kwa dakika nyengine 15. Siku mbaya nafanya hizo hizo, au nusu yake, lakini sifanyi sifuri. Kila wiki mbili niliongeza dakika mbili tatu. Leo nainama dakika 40 kwa mkupuo mmoja, mara tatu kwa siku. Kazi ikome kwa saa, isikome kwa maumivu.

Nunua daftari la skuli. Andika kila usiku mambo matatu tu: umefanya nini, kwa muda gani, umelala vipi. Usiandike kurasa za maumivu, utayazidisha kwa kuyatazama.

Sasa jikoni, maana wanaume huzungumzia magunia lakini migongo ya wanawake wengi huvunjikia jikoni. Itazame mbuzi ya kukunia nazi. Unakaa karibu na ardhi, magoti yamepanda juu, mgongo umekunjwa kama ndoana, shingo imeinama kufuata beseni, na mkono mmoja unazunguka kwa nguvu zote. Nazi mbili za wali na mchuzi ni vifuu vinne. Kwangu kifuu cha tatu ndicho kilichokuwa kikiwasha moto kiunoni. Nikampelekea seremala mbuzi yangu akaitia miguu mirefu, ikawa na kimo cha kiti cha kulia chakula, na beseni nikalipandisha juu ya kigoda mbele yangu. Sasa mgongo umenyooka, miguu iko sawa chini. Nakuna vifuu viwili, nainuka kuosha mchele, narudi kwa viwili vilivyobaki. Kazi ya seremala ilikuwa ya nusu saa, na imenisaidia kuliko dawa nyingi nilizonunua.

Jiko la mkaa liko juu ya matofali manne ya saruji. Fagio la chelewa nimelifunga kwenye mpini mrefu wa mti, nafagia uwanja nimesimama. Maji sibebi tena ndoo ya lita 20, nabeba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, uzito ukawa sawa pande zote. Safari zinaongezeka, na kutembea ni dawa.

Baharini nimebadilisha kidogo tu. Zamani nikifunga mbegu kwenye kamba huko huko majini, nimeinama saa nzima baina ya mambo na mambo, vile vijiti vya kufungia kamba. Siku hizi nafungia pwani, kivulini, kamba imelazwa juu ya meza, halafu nashuka nayo tayari kwenda kuifunga tu. Wakati wa kuvuna, gunia nalijaza nusu. Tena siliinui: nasubiri maji yaanze kujaa, yakifika magotini gunia linaelea, nalivuta taratibu mpaka ufukweni na bahari ndiyo inayobeba. Mwani mbichi una maji mengi mno. Uanike kwanza, ndipo ufikirie kuubeba.

Kuhusu kulala kitandani nitasema kwa mkato: miezi mitano niliyolala ndiyo iliyonidhoofisha. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na ndani yake yamo mazoezi, mafunzo ya kuifahamu hali yako, kuchua na msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya mgongo haikupendekezwa. Mie mkanda niliununua kwa pesa ya msimu mzima wa kuchambua karafuu, nikauvaa mwaka, misuli ikazidi kulegea. Ulionao usiutupe kwa hasira, lakini usikope kwenda kununua.

Zoezi langu ni dogo. Baada ya Alfajiri nalala chali kwenye mkeka, magoti juu, nyayo chini. Nakaza tumbo, nainua kiuno polepole mpaka mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, nahesabu pumzi tatu, nashuka. Mara 5 mwanzoni, sasa 12. Kisha natembea mpaka kwenye mbuyu na kurudi. Mtaalamu aliniambia maneno haya: maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi na kesho yake yakarudi pale pale, endelea. Yakibaki juu mpaka kesho kutwa, ulizidisha, punguza.

Na sala. Nilikuwa nikijilazimisha kusujudu huku machozi yananitoka, nikidhani kukaa kitini ni kupungukiwa na imani. Imran bin Huswayn, sahaba wa Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa mgonjwa, akaambiwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Ruhusa hiyo ipo kwa ajili yetu. Nasimama ninapoweza, na kiti kiko nyuma yangu.

Ramadhani ina hesabu yake, na hapo nataka uwe makini sana na dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hazimezwi juu ya tumbo tupu. Hukwangua tumbo, huweza kuleta vidonda na kutoka damu, huchosha figo na hupandisha presha. Mie nilimeza diklofenaki miezi minne mfululizo, nikinunua dukani bila ya kuulizwa neno, mpaka choo kikawa cheusi kama lami. Choo cheusi ni damu, ni hospitali siku hiyo. Parasetamoli ni nyepesi kwa tumbo, lakini nayo ina mpaka: kwa mtu mzima, vidonge visizidi 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na hesabu vile vilivyofichwa ndani ya dawa za mafua. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Kwa maumivu yanayowaka na kushuka mguuni, daktari huweza kukuandikia amitriptilini kidogo ya usiku. Muulize, usijinunulie. Na ukiambiwa usifunge, usifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani, Suratul Baqara, aya ya 185.

Unga wa dawa usiojulikana una nini ndani, unaomaliza maumivu kwa siku moja, uogope. Chua badala yake. Mafuta ya karafuu tunayo kwetu, lakini makali yanaunguza ngozi: matone machache ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga, dakika 15 kiunoni, naipenda kuliko yote.

Usiku lala ubavu na mto baina ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Ukiamka saa nane usingizi umekata, usibaki kuhesabu boriti. Inuka, kaa barazani kidogo, rudi.

Kwa watu nina la kusema, maana hilo limenichukua muda mrefu kuliko mgongo wenyewe. Ugonjwa huu hauna bendeji. Wifi yangu aliniambia, "Mbona harusini ulikuwa unacheka?" Jirani alisema nimefanyiwa. Mume wangu, Mungu ampe umri, alikuwa hasemi kitu, na kimya chake nikakitafsiri vibaya. Siku moja nikamwambia, "Baba Khamis, leo niko nambari saba. Naweza kupika, siwezi kufua. Nichotee maji na uniitie Khamis akune nazi." Akainuka pale pale. Baadaye akaniambia alikuwa hajui afanye nini, akaona bora anyamaze. Kwa hiyo usiseme "naumwa" tu. Taja nambari kutoka sifuri mpaka kumi, taja unaloweza, taja unaloomba. Mtu akijua kazi yake ataifanya. Harusini nenda, na kigoda chako mkononi, ukae saa moja, uondoke kabla mgongo haujakufukuza. Na ukiona siku zinakwenda hutaki kumuona mtu, huli, unatamani usiamke, huo ni ugonjwa mwengine juu ya ule wa mwanzo, na una tiba. Mwambie daktari kwa maneno hayo hayo.

Siku mbaya zitakuja hata ukifanya yote haya. Ziandalie ukiwa mzima. Chini ya kitanda changu, upande wa ukutani, kuna kapu. Ndani yake mna chupa ya maji ya moto, kanga kuukuu, parasetamoli, tende, na waya wa kuchajia simu wa kutosha kufika kwenye mto wa kulalia. Kuna karatasi pia, niliyoandika mwenyewe siku nilipokuwa na nafuu: "Imekuja kabla, ikaondoka. Siku ya kwanza pumzika, lakini tembea ndani ya nyumba kila saa. Siku ya pili fanya zoezi mara 5. Siku ya tatu rudi kwenye nusu ya dakika zako." Juu ya karatasi kuna ukili uliokwisha chovywa rangi, kwa sababu kusuka naweza hata nikiwa nimeegemea mto, na mkeka ulioko ukumbini kwetu sasa hivi, ule wa zambarau na kijani, niliusuka wote kwa siku za namna hiyo.