Somo: Kuidhinisha maombi ya mafunzo kwenye Odoo (soma kwanza, ndipo uniulize)

Wiki hii wafanyakazi wameniuliza tena na tena, "Ombi langu la kozi limekwama wapi?" Wasimamizi nao wanauliza, "Nani alimruhusu huyu aende kozi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja.

Niko HR (ofisi ya wafanyakazi) kwenye kampuni ya mizigo, Mombasa. Tuna watu wa zamu, makarani na madereva wa foklifti. Maombi yetu yako kwenye Approvals, sehemu ya idhini iliyomo kwenye toleo la kulipia la Odoo, programu ya kuendeshea shughuli za kampuni. Vitufe nimevitaja kwa Kiswahili, ukiviona utavijua.

1. Fungua mipangilio ya Approvals, unda aina mpya ya ombi, iite "Mafunzo".

2. Chagua sehemu za fomu. Tarehe, kiasi cha pesa na nyaraka ziwe za lazima. Mahali pa kozi ni hiari. Asiye na profoma (hati ya bei) ya mkufunzi asikusumbue.

3. Kila mfanyakazi awe na meneja kwenye wasifu wake, na meneja huyo awe na akaunti ya kuingia kwenye mfumo.

4. Waidhinishaji. Hapa tulieni.

Fomu ya karatasi ikiwa na nafasi tatu za sahihi, tunajua zote tatu lazima zijae. Huku sivyo. Unaweza kuorodhesha watu watatu na ombi likapita kwa mmoja tu, kwa sababu kuna kisanduku cha idadi ya chini ya idhini. Mfumo unahesabu mikono iliyoinuka. Ni mkono wa nani, hauna habari, mpaka uuambie.

Mimi niliacha idadi hiyo ikiwa 1. Mhasibu yuko nyumbani, ameshakula, akafungua simu, akaona bajeti ipo, akakubali maombi manne mfululizo. Yote manne ni ya madereva wa foklifti, kozi ile ile, Jumanne ile ile. Simlaumu hata kidogo, aliulizwa habari ya pesa akajibu habari ya pesa. Saa mbili asubuhi msimamizi wa yadi akanipigia simu: "Njoo uendeshe wewe." Nilimsikia huku honi za malori zikipigwa nyuma yake. Foleni ilikuwa imeshatoka nje ya geti.

Basi fanya hivi. Meneja wa mfanyakazi awe mwidhinishaji wa lazima. Mhasibu naye mtie tiki ya lazima. Idadi ya chini iwe 2. Ukijaribu kuiweka chini ya hesabu ya walio wa lazima, mfumo utakugomea. Kisha tia tiki pale pa idhini kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Meneja atatangulia, na mhasibu atasubiri mpaka meneja amalize.

Tahadhari: mmoja akikataa, ombi limekufa, hata kama mwingine alishakubali. Waambie wakubwa wasibonyeze "kataa" wakimaanisha "subiri kwanza". Na kama kuna maombi yaliyotumwa kabla hujarekebisha, yafute yatumwe upya. Mimi nilifanya hivyo ili nisibahatishe.

5. Ombi likikubaliwa, zamu iko pale pale. Approvals haimtoi mtu kwenye ratiba. Mtoe wewe.

MASWALI

karani_mpya: Nimefuata yote lakini haifanyi kazi. Msaada tafadhali, ni haraka.

Jibu: Haifanyi kazi vipi? Inakuandikia nini?

karani_mpya: Eti hakuna meneja kwenye wasifu wangu.

Jibu: Hatua ya 3.

karani_mpya: Nimemweka. Sasa inasema meneja hana akaunti.

Jibu: Hatua ya 3, ile sentensi mpaka mwisho.

bosi_wa_duka: Mlolongo wote huu wa nini? HR si aidhinishe mwenyewe yaishe? Naona mnakwepa kazi.

Jibu: Mimi sijui nani yuko zamu Jumanne dukani kwako. Wewe unajua. Ndiyo maana unaulizwa wewe.

mama_ratiba: Dada, samahani, swali la pembeni. Mtu akienda kozi siku tatu, zikatwe kwenye likizo yake? Kwetu wanakata na watu wananung'unika.

Jibu: Wana haki ya kunung'unika! Fungua Time Off, sehemu ya likizo humo humo kwenye Odoo, unda aina mpya, "Siku za mafunzo", isiyohitaji mgao wa siku ili likizo yake ya mwaka isiguswe. Humo utaona chaguo la kusema muda huo ni kutokuwepo au ni kazi. Chagua kazi. Kama likizo zenu zinakua kadiri mtu anavyofanya kazi, siku za kozi nazo zitahesabiwa. Ukikwama, nitumie picha ya skrini tutazame pamoja.

mama_ratiba: Mungu akubariki. Nimeiona.

pwani_hesabu: Niongeze moja kwa walio Kenya. Tunalipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ushuru wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, halafu tunasahau kudai. Mkitaka kurudishiwa gharama, ombeni idhini yao kabla kozi haijaanza, na mkufunzi awe amesajiliwa nao.

Jibu: Asante kaka, hilo nalitia kwenye fomu leo: ombi la NITA liambatane na profoma. Mhasibu wetu atafurahi kuliko siku ya mshahara.

pwani_hesabu: Ile Jumanne mliimalizaje?

Jibu: Msimamizi alipanda foklifti moja mwenyewe, leseni anayo. Nyingine tatu zililala mpaka jioni. Kesho yake nilimpelekea chai na mahamri. Alikula yote, na hakunisemesha mpaka Ijumaa.