Jinsi ya kubaki na moyo mzuri kwenye kazi ya kuhudumia watu, mawakala hasa

Wadau habari zenu. Hii naiandikia mawakala wenzangu wa miamala ya simu kwanza, wa vibanda na wa miamvuli, ila hata kama uko kaunta ya famasi, mapokezi hotelini, ni konda au uko ofisini na bosi wa makelele itakuhusu tu, maana mtu anakuja na siku yake mbaya anakumwagia wewe alafu anaondoka mwepesi, wewe unabaki nayo mpaka nyumbani unamfokea mtoto ambaye hata hajui kilichotokea.

Niseme mapema kabisa, yale mambo ya amka saa kumi alfajiri simama mbele ya kioo sema mimi ni mshindi siyaongelei hapa. Mtu anayekaa Chamazi na kibanda chake kiko Kariakoo saa kumi alfajiri yuko macho kitambo na huo ushindi hajauona. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani anaitwa Gabriele Oettingen kafanya utafiti miaka mingi kuhusu watu wanaokaa wanaota mafanikio, na alichokuta ni kwamba wale wanaoota picha nzuri tupu mara nyingi wanajituma kidogo kuliko anayetamani kitu alafu anajiuliza nini kitanizuia, na kikinizuia nafanyaje. Hapo kwenye nafanyaje ndo penyewe. Uchangamfu wa dirishani kwa kiasi kikubwa unaandaliwa kabla hujafungua dirisha.

Kwa hiyo anza na vitu ambavyo unajua kabisa vitakuudhi. Unajua mwisho wa mwezi floti, yaani salio la kwenye simu la kufanyia miamala, itakata mchana, unajua kuna muda mtandao utasumbua, unajua asubuhi asubuhi mtu atakuja na noti ya elfu kumi kwa kitu cha buku mbili na wewe chenji huna. Sasa kitu kinachotokea kila wiki kwa nini kikushtue kila wiki? Usiku wake chukua daftari andika, floti ikikata nampigia fulani, asipopokea nampigia fulani mwingine, wawe wawili siyo mmoja. Chenji tafuta jioni kwa konda au kwa mama ntilie wa jirani, wao wanazo mpaka zinawaelemea. Mtandao ukigoma toa karatasi uliyoiandika zamani MTANDAO UNASUMBUA bandika dirishani, kwa sababu mtandao wenyewe hauchoshi kivile, kinachochosha ni kumjibu kila anayepita swali lile lile "vipi bado?" mpaka sauti inakauka. Na kula. Jamani kuleni, kuna watu wanasema wana stresi kumbe wana njaa, tangu chapati ya jana usiku hakijaingia kitu alafu saa saba mchana anashangaa kwa nini anamchukia kila mtu.

Sasa tuje kwa mteja mwenye hasira, hapa nikae kidogo maana ndo panapotuua.

Mama kaja, hela ya kulipia hospitali kijijini imeenda namba siyo, laki mbili. Anagonga kioo. "We mwizi, hela yangu umeipeleka wapi!" Foleni nzima inageuka. Kitu ambacho mdomo unataka kusema ni "si umenitajia namba mwenyewe?" na inawezekana ni kweli kabisa, ila ukishasema hivyo mnaanza kesi na hakimu ni watu wa foleni. Weka simu chini kwanza. Mwangalie. Alafu "Shikamoo mama. Pole sana. Hebu nione meseji." Mtu mzima ukimpa shikamoo marahaba inamtoka hata kama alikuwa hataki, na akishaitikia tayari kashuka kidogo, siyo sana, kidogo, inatosha kuanzia. Ongea kwa sauti ya chini kuliko yake, akipanda wewe usipande. Alafu mwambie unachofanya sa hivi siyo unachodhani: "tunapiga huduma kwa wateja hapa hapa, naweka spika na wewe usikie." Piga haraka maana aliyepokea akishaitoa ile hela kazi inakuwa ngumu. Usimwahidi itarudi, hujui, na ahadi ya uongo ya kumtuliza leo ndo ugomvi wa kesho.

Akiondoka, hata kama foleni ni ndefu, kunywa maji, nyanyuka, nyoosha mgongo, alafu ndo umwite anayefuata. Nusu dakika tu. Yule anayefuata hana kosa lolote na anataka kutoa elfu ishirini yake aende zake, asikute uso ulioachwa na yule mama.

Na ili haya yapungue, jina likitokea kwenye simu lisome kwa sauti kabla hujaweka namba ya siri, "jina limekuja hili, ndo yeye?" subiri aseme ndiyo kwa mdomo wake. Wapo wanaoona inachelewesha, mie naona ndo dawa bora ya amani ya moyo kwenye hii biashara kuliko semina yoyote.

Mnakumbuka Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza? Tulitukanwa kama vile sisi ndo tulikaa bungeni kuipitisha. Nilichokiona kipindi kile, mawakala waliokaa wanabishana na mteja mmoja mmoja kuhusu serikali jioni walikuwa wamekwisha kabisa, ila waliobandika karatasi la makato mapya nje, mteja anasoma, anaguna, anaamua mwenyewe atume au asitume, wao walifanya kazi. Hasira ilikuwa ya kweli na watu walikuwa na haki nayo, ila haikuwa ya wakala. Kujua hii hasira ni ya nani ni nusu ya kazi, jiulize hivyo hivyo bosi akija amenuna, maana mara nyingine kagombana huko juu na wewe ndo uso wa kwanza aliokutana nao.

Jioni sasa, hesabu. Tuseme mtaji wako ni milioni moja na nusu. Unafunga, floti inasoma 1,120,000, unahesabu keshi unapata 365,000, ukijumlisha 1,485,000. Elfu kumi na tano haipo. Hapo ndo kichwa kinaanza hadithi yake, mie nina mkosi, hii biashara siiwezi, mwaka huu wote umekuwa hivi, labda kuna mtu kanifanyia kitu. Angalia ilivyokua, ilikuwa elfu kumi na tano imekuwa maisha mazima.

Mmarekani mmoja, Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitumia muda mwingi kuchunguza namna watu wanavyojieleza mabaya yakiwapata, na akawafuatilia mawakala wa bima wa kampuni ya Metropolitan Life miaka ya 1980, watu ambao kazi yao ni kukataliwa kutwa nzima. Waliouza zaidi ni wale ambao wakikataliwa hawakuligeuza kuwa la milele, la kila kitu na la ubovu wao. Kwa hiyo mie nayageuza maswali matatu na nakushauri uyaandike kwenye jalada la daftari. Je, hili ni la siku zote au la leo? Hapo fungua kurasa za nyuma, kama mwezi mzima hesabu imekaa sawa basi ni la leo. Je, limeharibu kila kitu au sehemu moja? Floti ipo, wateja wapo, imekosekana elfu kumi na tano. Je, ni mimi nilivyo au ni kitu kimefanyika? Rudi kwenye miamala ya saa ile ya foleni pitia mmoja mmoja, mara nyingi utakuta noti zilishikana au muamala uliokwama. Na kama kila Ijumaa inapungua na msaidizi ni yule yule, basi moyo mzuri haukukatazi kumuuliza, muulize.

Hapa niwaonye kitu kimoja kwa ukali kidogo. Usichanganye moyo mzuri na kujidanganya. Mtaji umepungua, mtu anaenda kuchukua mkopo wa kausha damu anasema "Mungu mkubwa nitalipa tu, nawaza chanya", riba inamla kila siku, mwisho wanakuja kubeba friji na tivii. Aliyekaa akapiga hesabu akaona hailipiki akapunguza mtaji akaanza upya na laki tano huyo ndo ana mtazamo mzuri, hata kama siku hiyo amenuna.

Simu nayo. Meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" na "mimi mwenye nyumba wako" usizijadili kwenye magrupu kumi na kukaa na hofu, ipeleke namba yake 15040, ile ya kuripoti meseji za utapeli, futa endelea. Na yule anayepiga anasema natoka makao makuu ya mtandao bonyeza hivi na hivi, jiwekee sheria moja, hakuna simu ya mtu itakayonifanya nibonyeze kitu, nakata. Ukishakuwa na sheria hutumii nguvu kufikiria kila mara, na hofu inapungua yenyewe.

Kijiweni sawa nenda, kulalamika kuna utamu wake na wenzako ndo wanaoelewa. Ila kama kila ukitoka pale unajisikia mzito kuliko ulivyoingia, kunywa kahawa moja ondoka.

Kabla ya kulala kuna zoezi la huyo huyo Seligman na wenzake, waliandika matokeo yake 2005, ni jepesi mpaka linatia mashaka. Vitu vitatu vilivyoenda vizuri leo, na kila kimoja kwa nini. Wengi wanaruka hiyo kwa nini na ndo yenye kazi. Usiandike "namshukuru Mungu kwa uzima" kila siku mpaka inakuwa kama muhuri, andika kitu chenyewe: yule kijana wa bodaboda kaokota kitambulisho cha mtu kakileta kwangu, kwa nini, kwa sababu anajua kibanda changu kina uaminifu. Fanya wiki moja tu uone.

La mwisho, kuna hali ambayo haya yote hayaifikii. Kama wiki mbili mfululizo hakuna kinachokufurahisha, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona na ni ugonjwa, mtu akikwambia "we waza chanya tu" muache. Anza kituo cha afya kilicho karibu watakuelekeza, hospitali ya Muhimbili wana idara ya afya ya akili na Dodoma kuna Mirembe ambayo ndo kazi yake. Na kama mawazo yamefika kwenye kufa usilale nayo, mwambie mtu wako wa karibu na mwende siku hiyo hiyo. Kibanda funga, hata kama ni tarehe thelathini na foleni imepinda kona, wateja wataenda kwa jirani na ukirudi watarudi.