Tawi la wanafunzi wa famasia lianze na kazi
Viongozi wa TAPSA (chama cha wanafunzi wa famasia Tanzania) vyuoni, msisubiri uchaguzi ndipo mtafute wanachama. Tarehe 25 Septemba, Siku ya Wafamasia Duniani, wekeni meza sokoni na mtangaze mapema watu waje na dawa walizonazo nyumbani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asome tarehe ya mwisho wa matumizi. Mfamasia wa famasi ya jirani aeleze dozi, hasa zile antibayotiki zilizoachwa katikati mgonjwa alipopata nafuu. (Mtashangaa zinavyojaa mezani.) Wawili hao watafahamiana kwa kazi, na kwa kweli hilo humvuta mtu kuliko semina yoyote. Kabla ya kukunja meza, chukueni namba za simu na mpange palepale tarehe ya kukutana tena.