Somo: Kuandika Insha ya Taarifa na Insha ya Ushawishi kwa Wanaojiandaa Kuingia Chuo

Katika miaka niliyosahihisha insha za kidato cha sita, kosa lililonisumbua kuliko hata upatanisho wa sarufi ni hili: mwanafunzi akiambiwa aeleze, anahubiri, akiambiwa ashawishi, anasimulia. Ukweli uleule unaweza kutumika katika insha zote mbili, lakini kazi unayofanya ni tofauti. Ili tofauti hiyo ionekane, somo hili litashika mfano mmoja tu, ule wa mfuko wa plastiki ambao hapa Uganda sote tunauita kaveera.

Hatua ya kwanza: Soma kitenzi cha swali kabla ya kusoma mada.

“Eleza” na “fafanua” vinadai taarifa, yaani msomaji aondoke akijua asichokijua, bila kuulizwa yuko upande gani. “Jadili” kinadai pande zaidi ya moja. “Tathmini” kinadai hukumu yenye vigezo. Swali likianza na “Je, unakubaliana na kauli kwamba…”, basi unatakiwa kuwa na msimamo na kuutetea. Piga mstari chini ya kitenzi hicho. Ni jambo dogo, lakini nimewahi kusoma kurasa nne za Kiswahili kitamu ambazo hazikujibu swali hata kidogo.

Hatua ya pili: Kusanya, kisha tenganisha.

Gawa karatasi sehemu mbili. Upande wa kushoto andika yale unayoweza kuyathibitisha, kila moja pamoja na mahali ulipolipata. Upande wa kulia andika maoni yako. Kwa mfano, kwamba sheria ya fedha ya mwaka 2009 ilipiga marufuku mifuko yenye unene wa chini ya maikroni 30 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2019 ilirudia katazo hilo, ni mambo ya kushoto. Kwamba serikali imezembea kusimamia katazo hilo ni jambo la kulia, hata kama unaliamini kwa moyo wote.

Usidhani kwamba ushahidi hukaa katika vitabu pekee. Nenda soko la Nakasero, jijini Kampala, asubuhi ya Jumamosi, simama mahali pamoja kwa saa nzima, uhesabu wateja wanaoondoka na kaveera na wale waliobeba kikapu. Ukitaja siku, mahali, muda na hesabu yako, umeleta ushahidi mdogo lakini halali, na mhadhiri yeyote ataupendelea kuliko sentensi inayoanza na “watu wengi wanasema”.

Hatua ya tatu: Andika taarifa.

Mpangilio wa taarifa hufuata mahitaji ya msomaji asiyejua: kitu hiki ni nini, kilianzaje, kinafanyaje kazi, kina matokeo gani. Tazama aya hii:

“Jani la mgomba linalofungia matooke huoza likitupwa shambani, lakini plastiki haiozi kwa namna hiyo. Mvua inaponyesha Kampala, mifuko iliyotupwa husombwa hadi kwenye mitaro na kuiziba. Maji yaliyokosa njia hurudi katika maeneo ya bondeni kama vile Bwaise, ambako mafuriko huingia hadi majumbani.”

Aya hiyo haina neno la lawama wala la kusihi. Inaonyesha sababu na matokeo, hatua kwa hatua, na kila kiungo kinashikana na kinachofuata. Ukijikuta umeandika “inasikitisha” au “ni aibu kubwa”, futa, kwa sababu umeanza insha nyingine.

Hatua ya nne: Andika ushawishi.

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwanza, dai lako liwe ni lile ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikataa. “Kaveera inachafua mazingira” si dai la kutetewa, maana hakuna atakayelipinga, na kumshawishi mtu jambo analolikubali ni kupoteza wino. Lakini ukiandika, “Serikali iwabane watengenezaji na waagizaji wa kaveera kabla ya kumkamata mchuuzi anayeitumia,” tayari una mpinzani, na penye mpinzani ndipo pana insha.

Pili, amua unayemshawishi. Diwani atataka kujua gharama na utekelezaji. Mwenye duka atauliza mteja wake atabebea nini sukari. Hoja inayomgusa mmoja huenda isimtikise mwingine.

Tatu, lilete pingamizi lenye nguvu zaidi, na ulieleze kwa namna ambayo mwenye nalo angekubali kwamba umemtendea haki. Mwenye kiwanda atasema kwamba wafanyakazi wake watapoteza ajira. Usimwite mbinafsi, bali mjibu: je, mitambo yake inaweza kutengeneza bidhaa nyingine, na apewe muda gani wa kubadilika? Na kama sehemu ya pingamizi ni ya kweli, ikubali waziwazi, kisha onyesha kwa nini msimamo wako bado unasimama.

Hatua ya tano: Soma rasimu kwa sauti. Pale pumzi inapokukatikia, kata sentensi.

Maswali ya wanafunzi

Mwalimu, tulifundishwa kuanza kila insha kwa methali. Je, tuendelee? (Masaka)

Mimi sipendi desturi hiyo katika insha za namna hii. Methali inapamba hoja lakini haiithibitishi, na kwa kila methali ipo nyingine inayoipinga: haraka haraka haina baraka, lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Itumie ikiwa inabana jambo lako kwa usahihi, tena mara moja.

Mwalimu, chuoni nitasoma kwa Kiingereza. Kwa nini nijisumbue na haya kwa Kiswahili? (Mbale)

Kwa sababu kutenganisha ushahidi na maoni hakuna lugha maalumu. Ukikuweza katika lugha moja, unahama nako. Zaidi ya hayo, Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu na waandishi wa Kiswahili watahitajika.

Je, naruhusiwa kuandika “mimi”? (Arua)

Unapotaja ulichokiona au kukihesabu mwenyewe, ndiyo. “Nilihesabu” ni kauli ya kweli kuliko “ilihesabiwa”, inayomficha mtendaji. Lakini “mimi naona” haiongezi chochote. Andika hoja yenyewe.

Samahani Mwalimu, naandika “mifuko hizi” bila kujua. Nifanyeje? (Mukono)

Tenga usomaji mmoja wa rasimu kwa ajili ya upatanisho pekee, bila kugusa hoja. Weka kidole kwenye kila nomino, ufuate viambishi vyake hadi mwisho wa sentensi: mfuko huu uliopigwa marufuku, mifuko hii iliyopigwa marufuku. Anza na aya ya mwisho ukirudi juu, kwa sababu macho yaliyozoea mtiririko wa hoja hupita juu ya makosa.