Kusubu bronzi uani, Bagamoyo

Nilitaka msumari mmoja wenye kichwa cha mviringo, kama ile ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Wa kwanza ulitoka nusu: madini yaliganda njiani kwa kuwa nilimimina yakiwa yamepoa.

Bronzi yangu ni gramu 900 za shaba na gramu 100 za bati. Shaba natoa kwenye nyaya za umeme; plastiki yake naibambua kwa kisu, siichomi. Na bati nalosema si mabati ya kuezekea! Yale ni chuma kilichopakwa zinki, na moshi wa zinki unaumiza mapafu. Waya wa kuchomelea wenye risasi nao uache.

Kalibu, yaani umbo la kumiminia madini, ni ya mchanga. Mchanga huo uchekeche, uchanganye na udongo wa mfinyanzi kidogo, unyunyizie maji. Ufinyange kiganjani: ukishikamana na ukakatika bila kumomonyoka, unatosha. Ukichuruzika maji, anza upya. Unyevu ukizidi, madini ya moto huugeuza mvuke ghafla na kukurukia usoni. Saruji nayo huficha unyevu, kwa hiyo usimimine juu ya sakafu yake. Tandaza mchanga mkavu.

Tanuri langu ni ndoo ya chuma iliyokandikwa udongo, mkaa wa vifuu, na drai ya nywele ya kupulizia. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, hivyo itangulie. Bati litie mwishoni, koroga, engua taka, mimina mfululizo bila kusita. Vaa viatu vya ngozi, kamwe si ndala.