Plagi mpya, koili mpya, bado gari inamisi? Pima kompresheni

Kama IST yako inamisi (silinda moja haichomi vizuri, injini inatetemeka), plagi ushabadili, koili ya silinda namba 2 umeihamishia namba 3 lakini mashine ya kupimia bado inasoma P0302 (kodi ya silinda namba 2 kumisi), nozeli nazo zimesafishwa, basi koili ya tatu usinunue. Ugonjwa huenda uko ndani ya injini.

Anza na cha bure. Gari ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa ekzosi, kikisukumwa nje tu poa, ila kikiwa kinavutwa kurudi ndani kila baada ya muda hapo shuku valvu ya ekzosi haifungi.

Afu azima geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, betri ina nguvu, toa plagi zote nne (sio moja moja, wengi wanakosea hapa), chomoa soketi za nozeli na koili, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho huku anapiga stata hadi mshale uache kupanda. Andika namba. Silinda tatu zikisoma psi 180 na moja 100, mchawi umempata. Mwagia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda sana ni ringi, ikigoma ni valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imekatika katikati yao.

Mwenye kompresa ajaze upepo kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefunga, asikilize: upepo ukitokea ekzosi ni valvu ya ekzosi, kwenye throto ni ya kuingiza hewa, kwenye mfuniko wa oili ni ringi, rejeta ikitoa mapovu ni gasketi.

Wenye gari za gesi hapa Dar ndo nawaambia hasa, gesi ni kavu, valvu inazama kwenye siti taratibu na nafasi ya tapeti (uwazi mdogo kati ya kemu na tapeti) inaisha. Yangu ilikuwa asubuhi safi kabisa, ikipata moto kwenye foleni inaanza kutetemeka, nikala hasara ya koili mbili. Tukafungua mfuniko wa juu injini ikiwa baridi, tukapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi). 1NZ, injini ya IST yangu, inataka milimita 0.25 mpaka 0.35 upande wa ekzosi, silinda ya pili hata ile nyembamba kabisa haikupita. Tukaweka vikombe vya tapeti vyembamba zaidi, hedi hatukuigusa maana valvu ilikuwa bado haijaungua.